Orodha ya Waliotia Saini

Kaka yangu,

Mbuzi amezaa pacha, na paa tumeliziba. Maji ya kisima bado yananuka dawa za kiwanda cha ngozi.

Lile ombi uliloanzisha mtandaoni, kwamba kiwanda kifungwe, limefika serikalini. Jumanne walikuja maofisa wawili na orodha ya waliotia saini, wakapita nyumba kwa nyumba wakiuliza, "Jina hili ni lako?" Mtaa mzima ukafyata mkia. Mama peke yake akajibu, "Ni langu. Na hayo maji, nyinyi mnaweza kuyanywa?" Wakampandisha gari. Hajarudi.

Mama hajui kusoma, kaka. Saini yake niliitia mimi, kwa simu yangu. Waliponigeukia, nikasema hata kusoma sijui.

Ni mimi, mdogo wako uliyemsomesha.