Uongozi Ulioniruka

Mwalimu,

Nimeona nikuandikie, maana hapa Garissa sina wa kumwambia. Nikimwambia mke wangu atasema nina wivu. Na kweli ninao. Umenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na aliyenipa ni wewe.

Tangu tukuzike kwenu Kitui, ofisi imepakwa rangi na meza yako imegeuzwa ikatazama dirishani. Anayeikalia ni Sahra. Ndiyo, Sahra yule yule uliyemfundisha kushika sindano, aliyekuwa akiruka kwa woga kila ngamia akikoroma. Wakubwa walikuja kutoka Nairobi wakatuambia kwamba wewe mwenyewe, ukiwa kitandani hospitalini, ulimpendekeza aongoze timu yetu ya utafiti wa magonjwa ya mifugo. Mimi niliyezunguka nawe Mandera, Elwak na Lafey tangu hujaota mvi, nikapiga makofi pamoja na wengine. Nilikukosea nini, Mwalimu?

Mimi ningeongoza kama wewe. Nani anakijua kikao chako cha jioni kunishinda? Mkeka chini, chai ya maziwa ya ngamia, na wewe kiongozi unaanza kusema ulichokosea siku hiyo. Kisha unamgeukia mdogo kuliko wote, hivyo hivyo mpaka zamu imfikie mkubwa. Mwanzoni niliona ni mchezo. Siku uliyokiri mbele ya dereva Dahir kwamba ulivunja chupa za damu kwa haraka zako, nilitamani kukufunika uso. Lakini tangu hapo hakuna aliyeficha kosa, na kazi ikanyooka. Mkeka wa kikao kile niliutandika mimi, wakati Sahra bado yuko shule.

Basi sikiliza ya Lafey. Tulikwenda kuchukua damu ya ngamia, ule utafiti wako wa homa inayoletwa na nzi. Wewe ulituzoesha kufika kwanza kwa wazee, kunywa chai yao, kueleza na kungoja, hata kama siku itaisha. Sahra akasema hakuna haja, yeye ni Msomali, yuko nyumbani. Nyumbani! Kwao Garissa na Lafey wapi na wapi? Sisi wageni tusingethubutu. Akaenda moja kwa moja kisimani, vijana wachungaji wakamkubalia, akaanza kudunga. Wazee walipofika wakakuta mifugo yao inatolewa damu na wao hawajaulizwa. Walitusindikiza kwa maneno makali mpaka kwenye gari, wakasema tusikanyage tena. Bila kisima kile utafiti wako umekufa, maana ndipo ngamia wa upande ule wote wanaponywea.

Nikuambie ukweli? Nilifurahi. Nilikaa garini nikisema moyoni, haya, mwenye meza na aongoze.

Jioni tukatandika mkeka. Nilidhani atatafuta wa kumtupia lawama, na vijana wa kisimani ndio waliokuwa rahisi kulaumiwa. Akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Hii makosa ni yangu. Nilidhani lugha inatosha." Basi, hakuongeza udhuru. Akamgeukia mdogo kama ulivyokuwa ukifanya, na zamu iliponifikia, nikanyamaza. Nilijua la kufanya. Mzee Abdullahi, ambaye mimi na wewe tulimwokolea ngamia wake aliyeshindwa kuzaa, ni mkubwa kati ya wazee wale, na angenisikiliza. Nikajimiminia chai nyingine.

Hakunisukuma. Wenzetu walipotawanyika alinifuata nikikunja mkeka. "Ndugu yangu Salim," akasema, "Mwalimu aliniambia nikikwama nikuulize wewe. Alisema hii timu ilikuwa na viongozi wawili siku zote, ila mmoja hajui."

Kwa nini, Mwalimu? Kwa nini ulimwambia yeye? Tulilala porini pamoja, tukagawana kopo moja la maharagwe. Ukanisema nikichelewa, ukanisema nikiharakisha. Neno hilo hukuweza kunipa hata mara moja? Miaka yote nimelingoja kwako, nimekuja kulipata kwa msichana wa juzi. Nililia mbele yake, wallahi. Na wivu ukazidi, kwa sababu yeye alilisikia kwa sauti yako.

Asubuhi nilimpeleka kwa Mzee Abdullahi. Radhi aliomba yeye, mimi nilikaa kando yake tu, nikijibu nilipoulizwa. Tulikunywa chai mpaka mchana. Wametukubalia turudi, ila ngamia watatuchagulia wao wenyewe. Dahir alikuwa akiimba njia nzima ya kurudi, na unajua anavyoimba vibaya.

Dini zetu ni mbalimbali, kwa hiyo nakuombea kwa maneno niliyonayo: Mungu akupumzishe mahali penye kivuli na maji. Wivu siahidi kuuacha, ningekudanganya. Ninachokuahidi ni kwamba Sahra hatakwama nami nipo, na hakuna atakayefanya kazi vizuri kando yangu halafu akaja kuambiwa hivyo na mtu mwingine baada ya mazishi yangu.

Nimeshaanza. Jana nilimsimamisha Sahra mlangoni pa ofisi, nikamwambia kwamba jioni ile ya Lafey aliongoza vizuri. Yaliniuma kuyatamka kama kung'olewa jino. Lakini ameyasikia kwangu, nikiwa hai.

Lala salama, Mwalimu.

Salim