Sita bila, sita bila, na kikapu cha Mama

Jumatatu, Butihinda. Kiangazi kimekolea, upepo mkavu, vumbi limeingia mpaka kwenye uji.

Shajara yangu, leo niache niringe kidogo. Nimeamka mabega yakiuma na mguu wa kulia hautaki hata kuvuka kizingiti. Lakini juu ya meza ya Mama, kati ya chumvi na tochi, kuna kombe, nami nimelitazama mara nne kabla sijanawa uso.

Jana huko Gitega, kwenye fainali ya ubingwa wa wanawake, nilimfunga Nadia sita bila, sita bila.

Nitalirudia bila aibu: sita bila, sita bila.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza, Nadia ni binti wa fundi cherehani wa Gitega, mtoto wa mjini, bingwa wa miaka mitatu mfululizo. Mimi ni mtoto wa wakulima. Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na tuliporudi nilikuwa na miaka kumi na miwili, sijui hata shamba letu linaanzia wapi. Tenisi nilifundishwa na Mjomba Lazaro, ambaye kabla ya vita alikuwa akifagia viwanja vya klabu moja Bujumbura. Baada ya kurudi alijenga nyumba kama wengine, kisha akabomoa kichuguu, akautwanga udongo wake na kutengeneza kiwanja kando ya mihogo. Walimcheka sana. Mpaka leo watu wa baiskeli wanaotoka Giteranyi husimama na kutuuliza tunaanika nini pale.

Kiwanja chenyewe kina kilema. Upande mmoja mpira haudundi, unazama tu, kwa hiyo nimezoea kuuwahi kabla haujaamua unakwenda wapi. Gitega kiwanja kimenyooka, kila mpira unakuja kwa adabu zake, na jana nilikuwa nafika mapema mpaka nikawa najishangaa.

Sasa niseme lililokuwa moyoni, maana kombe peke yake si habari yote.

Mwaka jana fainali ilikuwa hii hii, ila aliyefungwa ni mimi. Seti ya kwanza sita bila. Ya pili ilipofika tano bila, Nadia akaanza kupiga mipira wavuni, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, huku akinitazama kwa upole. Alinipa gemu moja. Kwetu hiyo ni heshima. Mtu akikuletea kitu kwenye kikapu, hukirudishi kikapu kitupu, unatia humo hata kiganja cha maharage. Mimi nilikuwa nimetoka huku kwetu Muyinga mpaka Gitega kupitia Karuzi, na kwa malezi yake asingeniacha nirudi mikono mitupu. Watu walipiga makofi wakamsifu kwa utu wake.

Ile gemu niliibeba mwaka mzima. Iliniuma kuliko zile kumi na mbili nilizofungwa.

Kambini nilikula vya kupewa utoto wangu wote. Unapanga mstari, unanyoosha sahani, unasema asante. Nilishukuru na bado nashukuru. Lakini uwanjani nilitaka kitu kimoja ambacho hakuna mtu aliyenipa.

Basi jana, seti ya pili, ikafika tano bila, safari hii kwa upande wangu. Tukapumzika kubadilisha pande. Mama alikuwa nyuma ya benchi na kikapu chake chenye kifuniko kirefu mapajani, kimejaa karanga za shamba letu. Akaniinamia.

"Mwanangu, yule alikupa moja. Mrudishie."

Hakuwa peke yake. Uwanja mzima ulikuwa unasubiri mpira wangu uingie wavuni. Ilikuwa zamu yangu kuanzisha, nikashika mpira na kusimama. Na hapa nakiri jambo baya: sehemu yangu moja ilitaka kumpa. Si kwa heshima. Nilitaka aionje ile gemu, alale nayo, aamke nayo, kama nilivyofanya mimi.

Nilijiogopa.

Nikaamua kwamba nikimpa kwa sababu hiyo, nitakuwa nimemtukana kwa tabasamu. Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Nadia naye hakuwa amekata tamaa, alikimbilia kila kitu, akaanguka, magoti yakawa mekundu kwa udongo, akainuka. Tukalingana arobaini kwa arobaini. Akapata pointi moja mbele. Ilibaki moja tu gemu iwe yake, halali yake, na nasema kweli, angeichukua ningempigia makofi. Lakini sikumwachia. Nikasawazisha, nikapita, nikamaliza.

Makofi yalikuwa machache. Mzee mmoja alisema hawa waliokulia Tanzania hawakufundishwa kitu. Nilimwona Mama akitazama chini.

Nadia alikuja wavuni anahema. Nilidhani hatanipa mkono. Aliushika wangu, hakuuachia.

"We, mi nilikuwa naogopa utanipa," alisema. "Ile ya mwaka jana, mi nilikosea. Vraiment, pardon, unisamehe."

Nililia. Bingwa mzima, mbele ya watu.

Mama hakuyasikia hayo. Alikuwa ameshainuka na hasira zake, akavuka kiwanja na ndala zake, kosa ambalo kwenye kiwanja chetu Mjomba angemfukuza kwa ajili yake. Akaniambia, kwa sauti ya kusikika hadi kwa yule mzee, kwamba kama mimi nimemnyima gemu, yeye hawezi kumnyima karanga. Akamkabidhi Nadia kikapu chote.

Nadia alikipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo. "Asante, Mama. Hii kikapu nitairudisha mi mwenyewe. Iko mbali, lakini nitafika."

Asubuhi hii Mjomba ameamkia uwanjani anatwanga ule upande mbovu, eti mgeni anakuja. Nimemwambia auache na kilema chake, kinatufaa. Amenitazama kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena, nikaenda kuchota maji ya kumwagia udongo. Ndoo saba, na bega hili.

Nimefurahi, shajara yangu. Najivunia kombe, najivunia Mama na ndala zake, na hata Nadia najivunia, ingawa hilo sitamwambia.

Ila kikapu chetu kiko Gitega, na yule dada amelelewa vizuri. Hatakirudisha kitupu. Kesho alfajiri nashika raketi.