Tanzia ya Feni

Jumapili, 4 Februari

Binti yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya ukoo mzima usiohusika, natangaza kwamba jana baba yako alinunua mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege za kuzima moto msituni, uliopunguzwa bei asilimia tisini. Mchezo umeingia, umefunguka, umeonyesha mawingu mazuri, kisha kompyuta ikazimika. Nikaiwasha. Ikazimika. Sasa nauchukulia kama mchezo wa kuwasha kompyuta, na nimeanza kuuzoea.

Hujambo lakini? Mimi mzima, ila goti linalalamika kwenye ngazi. Kwa mtu aliyetengeneza lifti maisha yake yote hiyo ni dhihaka, lakini navumilia.

Najua utasema nini. Uliniambia kabla ya kununua nisome yale maandishi madogo ya chini yanayosema mchezo unataka kompyuta ya namna gani. Nilisoma. Unataka iliyozaliwa juzi. Hii uliniachia ulipoondoka, na wewe mwenyewe uliinunua ikiwa imeshachoka. Lakini asilimia tisini, mwanangu! Ni kama kuona kiatu kizuri kinatolewa karibu na bure. Unamwachaje muuzaji eti kwa sababu mguu ni mkubwa? Shangazi yako ananiuliza kutwa nafanya nini humo chumbani. Nimemwambia nasoma.

Unaowaka bila matata ni ule wa kujenga mji tu, ule tunaoujenga sote kwa akaunti yako. Nimeona umepitisha barabara nyuma ya soko bila kunishirikisha. Nimenyamaza, meya ni wewe. Mimi nimeweka lifti kwenye lile ghorofa refu. Watu walikuwa wanapanda kwa miguu, aibu tupu.

Kazi ya kufulia huko hotelini ughaibuni vipi? Mashuka hayajaisha?

Baba yako,
Naibu Meya

*

Alhamisi, 8 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kompyuta imewaka. Mimi sijambo. Afadhali tunaandikiana barua hizi kwa ujumbe wa simu, maana ukipiga unanipigia kelele kana kwamba nimenasa kwenye shimo la lifti.

Baba, punguzo si ugonjwa, lakini wewe limekuambukiza. Nimepitia michezo uliyonunua: mchezo wa kuvua samaki, wa mizimu, na wa mpira ambao nusu ya wachezaji wake wameshastaafu. Hakuna hata mmoja unaowaka. Unanunua ili iweje? Unaitazama picha tu?

Kazi ni nzuri. Naingia alfajiri, natoka jioni. Mashuka ni yaleyale, wanaobadilika ni wanaoyachafua. Msimamizi amesema huenda nikakabidhiwa mashine kubwa niziangalie mimi. Mwambie Shangazi, apate la kutangaza.

Kumbuka akaunti ni moja: mmoja akiingia, mwingine anatupwa nje. Kwa hiyo asubuhi mji ni wako. Mimi nacheza jioni tu, nikishaoga.

Binti yako,
Meya

*

Jumatano, 20 Machi

Mheshimiwa Meya, mwanangu,

Habari za siku nyingi? Hapa heri, goti nalo linakusalimu.

Nina malalamiko ya kiofisi. Jumatatu asubuhi nilikuwa naweka taa za barabarani, mara yakatokea maandishi kwamba akaunti inatumika kwenye kompyuta nyingine. Nikatupwa nje. Nikasema mwizi huyo. Jana asubuhi tena. Leo nimekaa namngoja kabisa, na kweli kaja, kanitupa nje na kikombe cha chai mkononi.

Mchana, mwizi alipopumzika, nikaingia kukagua hasara. Mwizi huyu ana adabu. Amejenga zahanati, amepanda miti pande zote mbili za barabara, na pembeni ameacha nafasi ya kibanda cha fundi viatu, kama unavyofanya wewe siku zote. Ama amelelewa nyumbani kwangu, ama tubadilishe neno la siri.

Jambo moja tu sikulielewa. Amebomoa hoteli.

Nimeona nikujulishe. Mashuka hayajambo?

Baba yako

*

Alhamisi, 21 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Ni mimi, si mwizi. Wamenibadilishia zamu, siku hizi naingia jioni. Nilisahau kukwambia. Hoteli ilikuwa inaziba barabara.

Usibadilishe neno la siri.

Binti yako

*

Jumapili, 14 Aprili

Binti yangu,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha feni ya kompyuta, kilichotokea leo asubuhi baada ya kuugua kwa muda mrefu. Marehemu alikuwa mpiga kelele mwaminifu, aliyekoroma bila kuchoka na kutufanya tuongeze sauti ya redio. Ameacha kompyuta moja na mgane mmoja, ambaye ni mimi.

Natumaini wewe huko u mzima, maana misiba miwili siiwezi.

Nimejaribu yote. Nimefungua ubavu wa boksi la kompyuta nikaisogeza feni ya mezani ipulize humo ndani. Imenipulizia usoni vumbi la miaka yote, nikapiga chafya mpaka shangazi yako akaja kuuliza nani anapigwa. Fundi wa kona ameitazama kwa mbali, kama mtu anayetazama mbwa mkali, akanishauri niifanye kigoda.

Anayeijua kompyuta hii ni wewe peke yako. Nadhani ungekuja uitazame. Wiki mbili, tatu, au kadiri feni itakavyotaka. Feni hazitabiriki.

Halafu nilisahau. Kabla ya msiba, juzi, nilitupwa nje asubuhi. Nikasema sawa, mtoto anaingia kazini jioni. Nikarudi jioni, nikatupwa nje tena. Zamu za huko zimekuwa za ajabu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Naisema feni hapo. Ilianza kukoroma zamani, nikajifanya sisikii.

Baba yako

*

Jumamosi, 27 Aprili

Shikamoo Baba,

Pole kwa msiba. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nilikuwa naandika uongo, na nimechoka kuukumbuka.

Zamu hakuna. Hoteli ilipata mmiliki mpya mwishoni mwa Februari, na mashuka sasa yanapelekwa kufuliwa nje. Sisi wa kufulia tulipangwa mstari tukaambiwa asanteni, glavu bado ziko mikononi. Nimezunguka kote kutafuta kazi. Kibali changu cha kukaa huku kimefungwa na kazi ile, na kinakwisha mwezi ujao. Kila asubuhi naamka, navaa kama mtu anayewahi kazini, nakaa kitandani, najenga mji. Huko angalau nikiweka kitu leo, kesho nakikuta.

Kurudi kwenyewe hakunitishi, Baba. Kinachonitisha ni kupita mtaani. Siku naondoka Shangazi alimtangazia hata muuza mkaa kwamba nakwenda kuwa meneja. Nitapitaje pale na begi? Wataniuliza, "Vipi, meneja, wamekurudisha?" Kuna dada mmoja hapa amesema kibali kikiisha niingie kwake kimyakimya, niwe nasafisha nyumba za watu na nisitoketoke ovyo. Nataka kumkubalia.

Feni inunuliwe tu nyingine. Nisamehe.

Binti yako

*

Jumatatu, 29 Aprili

Binti yangu,

Hujambo? Mimi afya ninayo, ila heshima mtaani imepungua. Nakueleza.

Jana nilimfuata shangazi yako kwa fundi cherehani, saa ambayo pale pamejaa watu. Nikamwambia, "Dada, nimemwita mtoto aache kazi arudi nyumbani."

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Mimi mzima. Kompyuta ndiyo mgonjwa."

"Kompyuta ipi?"

"Ile ninayochezea michezo."

Akaweka kitambaa chini. "Yaani unamkatiza mtoto umeneja wake kwa ajili ya michezo? Wewe? Na mvi zote hizo?"

"Nina mji mzima unanitegemea, Dada. Nitawaacha wale watu na nani?"

Fundi cherehani akacheka mpaka akashona kidole. Shangazi yako hakucheka. Alitoka mlangoni akaanza kutangaza, na unamjua, yule haachi nyumba. Hivi sasa nikipita, muuza mkaa ananiambia, "Shikamoo Meya, mbona maji hayatoki?" Wazee wenzangu wameninunulia gari la plastiki, wakaliweka barazani kwangu. Na wewe ukitajwa unatajwa kwa huruma tu: maskini binti wa watu, baba yake kamharibia.

Kwa hiyo njia ni nyeupe. Ukishuka na begi watakupa pole. Kunja uso kidogo, kama mtu aliyeonewa. Hilo halikushindi, ndivyo ulivyokuwa ukifanya ukiambiwa uoshe vyombo.

Huyo dada mwambie asante sana, baba hataki. Mimi nimezeeka, kuchekwa hakuniharibii tena kitu. Wewe usikae mahali pa kujificha.

Hujakosa kitu cha kusamehewa. Njoo utazame feni.

Baba yako

*

Jumamosi, 11 Mei

Shikamoo Baba,

Nimeisoma barua yako kwenye basi, watu wakadhani nimefiwa, kisha wakadhani nina wazimu.

Tiketi ninayo. Nafika Ijumaa. Nimenunua feni mpya, nimeiviringisha kwenye soksi ndani ya begi. Ukija kunipokea usicheke, nitashindwa kukunja uso.

Binti yako,
Meya

*

Jumamosi, 18 Mei

Shikamoo Baba,

Nimekukuta bado umelala, nakuachia hii juu ya kibodi. Kusema kwa mdomo tutaanza kugombana.

Jana uliona mwenyewe: Shangazi alinikumbatia huku anakutukana, muuza mkaa alinibebea begi mpaka mlangoni, na hakuna aliyeniuliza hata neno moja la hoteli. Sikujua kama inawezekana kurudi hivyo.

Asubuhi hii nimefungua boksi niitoe feni iliyokufa, niweke hii mpya. Baba, feni ni nzima kabisa. Waya wake ndio ulikuwa umechomolewa, ukakunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi, kama mafundi wa lifti wanavyofunga waya wanaokusudia kuurudisha.

Nimeurudisha. Imewaka, inakoroma kama zamani. Nimeingia kwenye mji nikaona kwamba nikiwa safarini uliuchomeka kidogo: mahali ilipokuwa hoteli umeweka nyumba ndogo yenye miti pande zote mbili. Sijaigusa.

Binti yako

*

Jumamosi hiyohiyo

Mwanangu,

Nimesoma. Chai iko kwenye chupa. Sukari imekwisha.

Baba yako