Kijani cha Wifi

Wifi yangu mpendwa,

Onga mshi, kwa salamu yetu ya mchana. Nakuandikia mchana huu, ukungu umeshuka mpaka kwenye kabichi, ng'ambo ya bonde sioni kitu.

Siku kama hii uliniita barazani kwako ukanipa brashi. Mimi, mkulima wa karoti, na vidole hivi! Ulikuwa umeshaanza kuumwa, shuleni ulikofundisha wamekupa ruhusa, na hukutaka kukaa peke yako. Ukanionyesha zile tyubu. "Hii inaitwa gwashi, wifi. Ni rangi ya maji ila nzito, inafunika kilicho chini. Ikoroge iwe laini kama mtindi."

Mtindi wapi! Nikaipaka nene kama udongo wa ukutani. Na kwa kuwa ukungu haukuiacha ikauke, nikaipeleka jikoni, nikaiweka kichanjani juu ya moto pamoja na mahindi ya mbegu. Kuja kuitazama picha, ule mlima niliouchora umejaa nyufa na masizi. Ulicheka hadi ukashika mbavu. "Nilikuambia uchore, wewe umekandika nyumba halafu ukaibanika!"

Wallahi sikukasirika. Nilikuwa sijakusikia ukicheka tangu ugonjwa uanze. Nikakaa tena, ukanifundisha kuanza na maeneo mapana, kusubiri yakauke, kisha kuweka mwanga mwishoni. Asante, wifi, hukunichoka. Siku hizi nikiwa shambani naona kijani cha mgomba si kijani cha chai. Zamani kwangu yote yalikuwa majani tu.

Sasa nikupe habari. Ile picha ya bonde uliyokuwa ukimchorea mwanao Zaina uliiacha nusu, umefika kwenye kuchora miti, ukatutoka. Juzi akaniletea. "Shangazi, nimalizie ya mama." Wewe mwenyewe uliniambia gwashi hata ikikauka, ukiigusa na maji inaamka. Nikikosea nitafuta kazi ya mkono wako, na nani atairudisha? Kaka akasema tuiache ilivyo. Lakini mtoto hakuondoka, amesimama tu ananitazama.

Nikasema bismillahi. Pale palipobaki patupu nikaweka nyumba yenu, paa, moshi kidogo. Nilipofika ukingoni mwa miti mkono ukateleza, brashi ikagusa kijani chako. Kikaamka, wifi. Kikaingia kwenye ukuta wangu, na nilivyozidi kukirudisha ndivyo kilivyozidi kuja. Nikaweka brashi chini nikalia.

Zaina akainama, pua karibu iguse karatasi. "Shangazi, hapa ni rangi ya mama au yako?"

"Hata mimi sijui tena, mwanangu."

"Basi mmechora wote wawili," akasema, akaibeba kumwonyesha baba yake.

Mungu akulaze pema, mwalimu wangu. Ahsante sana.

Wifi yako,
shangazi wa Zaina