Bado, Bwana Mwenyekiti

Lumemo, Ifakara
11 Aprili 1999
Asubuhi: manyunyu, ukungu mzito upande wa mto.

Mdogo wangu Kelestini,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa mwanangu Dativa alishikwa na homa tena tukiwa shambani Namawala. Unajua kulala kwenye dungu, juu ya miti minne katikati ya mpunga, wakati wa kuamia ndege: chandarua kinapeperushwa, mbu wanaingia. Sasa anakula uji na kugombana na kuku, kwa hiyo amepona.

Mama yuko Chita, anauliza kazi yako huko Geneva ni nini hasa. Nilimwambia unaiwakilisha nchi mikutanoni. Akasema, “Kumbe anakaa tu.” Nieleze vizuri nimjibu.

Dada yako,
Fausta

*

Geneva
9 Mei 1999

Dada Fausta,

Shikamoo. Nami mzima, ila baridi ya huku haijui kuwa ni Mei. Pole kwa homa ya Dativa.

Mwambie mama kweli nakaa, na ndiyo shida yenyewe. Kuna mkataba unaandikwa wa kupiga marufuku sumu fulani duniani. Mojawapo ni ile dawa ya kupulizia ukutani kuua mbu. Nchi kubwa zinataka ikome mwaka utakaotajwa. Sisi tunataka iruhusiwe kwa malaria tu, mpaka ipatikane nyingine tunayoimudu. Wao hawana malaria. Wana wanasheria, safu nzima nyuma ya kila balozi. Sisi tuko wawili, mimi na mkuu wangu Mzee Hermenegildi, na vyumba vya mikutano ni vitatu kwa wakati mmoja.

Wiki iliyopita mwenyekiti alisoma kifungu chao chenye mwaka, akauliza kama kuna anayepinga. Mzee alinuna, akakunja mikono. Nami nikanuna. Nchi zote za jirani zikanuna. Mwenyekiti akagonga nyundo: kimepita! Dada, huku kimya ni ndiyo.

Imebaki Septemba, kikao cha mwisho, ambapo kifungu kinaweza kurudishwa mezani. Mzee anasema tusijichoshe. Hao ndio wanaotupa misaada.

Mdogo wako,
Kelestini

*

Lumemo
6 Juni 1999
Asubuhi: jua, umande mwingi. Tunavuna.

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka, kisha nikakasirika. Mlikwenda kununa Ulaya! Nani angewasoma nyuso?

Ngoja nikueleze ya hapa, maana mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake na nilikuwepo. Mwaka jana walikuja hapa wageni wa kampuni moja, wakitaka mashamba yetu ya bondeni Namawala. Waliahidi pampu ya maji. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Polikarpo, akauliza nani anakubali. Kimya. Nani anakataa? Kimya. Akasema basi, mmekubali, Bibi Rosa atufungie kwa sala. Ndiye anayefunga mikutano yetu yote. Bibi Rosa akasema, “Bado.”

“Bado nini, bibi?”

“Bado sijaelewa. Nifunge nisichokielewa, Mungu atanionaje?”

Mwenyekiti akamgeukia Bi Kudra, ambaye ni Mwislamu, asome dua yeye. Bi Kudra naye: “Bado, Mwenyekiti. Koo limekauka. Labda hiyo pampu ikija.” Watu wakavunjika mbavu. Wageni walikuwa na treni ya kuwahi. Wakaondoka na karatasi zao bila sahihi.

Kwa hiyo kimya hakikutuokoa hata sisi. Kilichotuokoa ni neno moja lililosemwa kwa adabu. Hukatai, hutukani, lakini mkutano haufungwi.

Nisikufiche la pili: pampu haikuja. Tunateka mtoni mpaka leo, na wapo wanawake wanaomlaumu Bibi Rosa.

Dada yako,
Fausta

*

Geneva
19 Septemba 1999

Dada,

Shikamoo. Nisamehe ukimya. Natumaini mavuno yalikuwa mema na Dativa hajambo.

Kikao kimekwisha. Siku ya mwisho Mzee Hermenegildi alikuwa chumba kingine, akaniambia, “Kalia kiti chetu.” Jioni ilikaribia, wakalimani walikuwa wanaondoka saa kumi na mbili na mabalozi wana ndege zao. Mwenyekiti akasoma kifungu. Nikainua kibao cha nchi.

“Bado, Bwana Mwenyekiti.”

“Tanzania inapinga?”

“Haipingi. Bado haijakubali.”

Balozi wa nchi moja kubwa akauliza kwa kejeli, “Bado mpaka lini?” Nikamwambia hilo ndilo swali la kifungu chenyewe. Watu wakacheka. Kisha kibao kikainuka nyuma, nchi ya kisiwa ambayo simjui mtu wake hata mmoja: “Na sisi bado.” Halafu kingine, na kingine. Wakalimani wakaanza kutazama saa. Wajumbe wa nchi kubwa wakatuita nje ya chumba, tukazungumza tumesimama, na mwaka ukafutwa. Limebaki neno letu: mpaka ipatikane nyingine tunayoimudu.

Sasa balozi yule amelalamika. Mzee anataka niandike kuomba radhi, niseme sikutumwa. Nikiandika hivyo, kazi yangu inabaki, lakini watasema Tanzania haikusema kitu, na kifungu kitafunguliwa tena kabla mkataba haujatiwa sahihi. Nisipoandika, narudishwa nyumbani. Siwezi hata kumchukia Mzee. Amebakiza mwaka mmoja astaafu. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Kelestini

*

Lumemo
10 Oktoba 1999
Asubuhi: joto, moshi wa nyasi zinazochomwa ng’ambo ya mto.

Kelestini mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika jana, nimekaa nayo siku nzima.

Niliteka maji leo nikijiuliza kama ningetaka Bibi Rosa afunge ule mkutano. Hapana. Lakini ndoo ni nzito, na sitakudanganya kwamba mtu akishinda haimuumi.

Mzee alikwambia ukalie kiti. Hakukwambia ukalie mdomo. Aliyekalishwa kwenye kiti cha nchi ametumwa. Vinginevyo wangeweka mkoba. Basi omba radhi, tena kwa unyenyekevu wote tuliofundishwa: kwa kuwachelewesha ndege, kwa kuwaweka wakalimani, kwa Kiingereza chako. Omba radhi kurasa mbili ukitaka. Kwa lile neno usiombe, na usiandike popote kwamba hukutumwa.

Wakikurudisha, shuka kituo cha Ifakara, nitakuja kukupokea. Mama nitakwenda kumwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Nitamwambia ulikuwa umekaa.

Dada yako,
Fausta

Nimeiandika upya mara mbili. Nazima kibatari saa tano na robo.