Majibu ya Tumbo Langu Uliyoyaficha

Kwako Mutua, uliyekuwa mume wangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Siombi kurudi kwako Tawa. Nakuandikia ili uumie, na siku hii nimeingoja sana.

Unakumbuka tulipooana, ukinibebea mitungi ya maji hadi majirani wakakucheka? Ukawajibu, "Chekeni tu, mke ni wangu." Nilikupenda, Mutua, mpaka nikawa mjinga. Mwaka wa nne bila mtoto ukanipeleka hospitali, daktari akakata kipande kidogo cha nyama ndani ya mfuko wangu wa uzazi. Maumivu yale! Majibu ulienda kuyachukua peke yako, mimi nikipalilia ndengu. Ukarudi umeinamisha uso: "Wamesema hapo ndani ni pakavu." Nikalia, na wewe ukanishika mkono. Mnafiki mkubwa.

Jumapili ukanisimamisha mbele ya kanisa. Kina mama wakaniwekea mikono tumboni, na mama yako akaomba kwa sauti, "Mungu, mfungue huyu tasa." Mwaka haukuisha kabla nguo zangu hazijatupwa nje ndani ya gunia.

Basi sikia. Nilisomea kazi ya maabara, na leo niko hospitali ileile. Nyama kama ile yangu tunaigandisha kwa nta, naikata nyembamba kuliko ganda la kitunguu, naipaka rangi, naitazama kwa hadubini. Hedhi ikiisha, ukuta wa mfuko huwa mwembamba, na vijitezi vyake vimenyooka kama vijiti. Yai likishatoka, vijitezi vinajikunja kama meno ya msumeno na kujaa majimaji ya kulisha mimba; mishipa ya damu inajipinda, nyama inavimba. Mimba isipoingia, ukuta wote unabomoka na kutoka na damu, halafu unaanza upya.

Vioo tunavyowekea nyama hizo havitupwi. Mwezi uliopita nilifungua droo nikatafuta jina langu. Heh! Meno ya msumeno, mishipa iliyojipinda, kila kitu mahali pake. Yai lilikuwa limetoka na ukuta ulikuwa tayari. Ati pakavu! Na kwenye faili langu, mwisho wa nakala ya majibu, daktari aliandika, "Mume apimwe." Ndiyo maana uliyaficha.

Sasa nimesikia Ndinda, mke wako mpya, ataitwa mbele Jumapili hii aombewe utasa. Simwonei wivu, namhurumia. Jana nilikutana naye sokoni Mukuyuni, nikampa nakala ya majibu yangu. Mstari wa mwisho aliusoma mara tatu, kisha akaniuliza, "Na yeye, alipimwa?" Nikamwambia akuulize wewe mwenyewe, mbele ya kanisa lote, mama yako akiwa ameinua mikono. Aliikunja ile karatasi akaitia ndani ya Biblia yake.

Usikose kanisani, Mutua. Na uvae suti nzuri.

Mimi, uliyeniita tasa,
Mwende