Katana na Mtungi Usiouzwa

Jumapili, Bofu

Sijui nimcheke au nimnunie. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya maonyesho yetu sisi wafinyanzi wa Pwani, na mume wangu Katana, ambaye mwaka mzima udongo wangu ameuita "matope yako yale," ndipo alipoamua kuja. Tena na shati la kanisani.

Nilimwacha karibu na mtungi wangu, nikaenda kuwasalimu wenzangu wa Kwale. Niliporudi alikuwa keshajifanya mlinzi. "Tazameni kwa macho tu, msiguse!" Bibi mmoja akamuuliza kama yeye ndiye mfinyanzi.

"Mimi? Hata chapati kusukuma hunishinda. Hii ni kazi ya mke wangu," akajibu, kifua mbele.

Basi yule bibi akasema ataununua. Mnunuzi wangu wa kwanza! Kabla sijafungua mdomo, Katana akasema, "Hauuzwi."

"Nani kakwambia hauuzwi?" nilimfokea tulipotoka.

"Si ndio wa kwanza kutoka motoni bila ufa? Wa kwanza ni wetu. Finyanga mwingine uuze."

Na asipotokea mwingine wa kuuliza? Hilo linanikosesha raha. Yeye wala! Kwenye feri aliupakata kama mtoto mchanga, mpaka watu wakampisha akae.

Sasa ameuweka sebuleni, mahali pa televisheni yake, na televisheni iko sakafuni. Bado nimenuna. Ila naandika nimempa mgongo, asinione nikicheka.